Kimanga cha baba

Dada Wakesho, uko?

Nimetoka kliniki hapo Voi. Daktari amesema kolesteroli yangu iko juu, niache mafuta ya wanyama. Nikafika nyumbani nikamwambia mama. Mama akacheka!

Eti, "Hata babako aliambiwa hivyo mwaka wa themanini na nne."

Aliambiwa! Na sisi miaka yote tunajua moyo wake ulisimama tu!

Nikamuuliza, sasa ulifanya nini?

"Alikuwa anakonda, watu wangesema namnyima chakula. Nikawa namyeyushia mafuta ya mkia wa kondoo ndani ya kimanga, nayaponda pamoja na mihogo na maharagwe. Hakujua."

Hakujua, Wakesho! Alikufa akiamini anafuata masharti ya daktari.

Nimejifungia chumbani. Ananiita nikale. Nimechungulia mezani, ni kimanga, na kinang'aa.