Vikombe Visitoke Kabatini

Everald mdogo wangu,

Nimekwenda kanisani kuchukua viti. Samaki na ramu vya usiku wa tisa wa kumuaga Baba viko tayari. Washa mapema priampu yake, ile mashine ya kurekebishia sauti ya muziki. Taa zake za ndani zikiwa baridi, besi hukosa unene.

Asubuhi uliniambia, "Dada, chuo chote kile, halafu umefuta sauti ya Baba kwa kitambaa." Ni kweli, nilipangusa vumbi la priampu pamoja na alama zake za chaki kando ya vitufe vya sauti. ~~Nawe ungezinakili.~~ Alizipata hivi: aliongeza sauti hadi vikombe vya Mama vikalia kabatini, akarudisha kidogo, akachora. Tutazipata tena vivyo hivyo, kwa hiyo usivitoe. Wageni watanywea bilauri.

Usianze kabla sijarudi. Tangu afe sijalia. Nataka niwepo vikombe vikilia.

Dada yako