Sauti Yako Inaimba Bila Wewe

Abaayo Sahra, dada yangu mkubwa,

Salaam aleikum. Najua hupendi mambo ya nyumbani yawekwe mbele ya watu. Lakini ulibadilisha laini ya simu, na dereva wa baba yetu, Aabo, anayeleta mizigo huko Sericho anasema kila akifika anaambiwa umeenda kisimani. Hicho kisima lazima kina maji mengi sana. Basi nakuandikia hapa, kwenye ukurasa wa kundi letu la muziki, ambapo nusu ya Isiolo itasoma na angalau mtu mmoja atakufikishia.

Kuna wimbo mpya unaotakiwa kutoka Ijumaa. Mdogo wetu Ifrah amekubali. Na wewe umo ndani.

Yule produsa wa Nairobi, aliyekwambia uimbe nyuma ya pazia kwa sababu sauti yako nzito "inachanganya watu", amechukua nyimbo zetu za zamani, akatoa sauti yako peke yake kwa kompyuta, akaifundisha maneno mapya. Alinivalisha hedifoni nikakusikia ukiimba vitu hujawahi kuviona.

"Si ni yeye kabisa?" akauliza, anatabasamu.

Ni wewe, lakini wewe usiyepumua. Sahra ninayemjua huvuta pumzi kabla ya kiitikio kama mtu anayenyanyua gunia la sukari, na hapo ndipo mimi na Ifrah huingia. Hakuna aliyewahi kutuhesabia moja, mbili, tatu.

Unakumbuka tulivyoanza? Kwenye kebini ya lori la Aabo, redio imekufa, mchanga kila mahali. Lori likiingia gia ya chini lilinguruma sauti moja tu. Wewe ukaishika hiyo, mimi nikakaa juu yako, Ifrah akakaa juu yangu. Aabo alikataa kubadilisha gia mpaka wimbo uishe. "Nyinyi mtaniulia gari," alisema, na mguu wake hausogei.

Tangu uondoke tumejaribu wawili. Kwenye harusi moja Burat, Ifrah alianza juu kidogo, nikamfuata. Akadhani namsukuma, akapanda tena. Hakukuwa na mtu wa kutushika chini. Kufika ubeti wa mwisho, shangazi wa bibi harusi aliacha kucheza akauliza kwa sauti, "Kwani hawa wasichana wamemwagikiwa na chai ya moto?"

Kwa hivyo namwelewa Ifrah. Jana tukiosha vyombo nilimwambia tungoje jibu lako.

"Kama hataki, si aseme?"

"Atasemaje na hajui?"

"Wewe Kiin unapenda shida. Wimbo ni mbaya?"

Nikaendelea kusugua sufuria. Ni mzuri. Ungekuwa mbaya ningelala vizuri.

Produsa anasema lazima sisi wawili tuliobaki kundini tukubali, na neno langu ndilo limebaki. Leo asubuhi nimempigia: bila Sahra kusema mwenyewe, mimi siruhusu. Akaniambia nafasi kama hii haigongi mlango wa watu wa Isiolo mara mbili. Ifrah alikuwa amesimama hapo. Ameacha kuniongelesha, amebeba chai yake akaenda kuinywa kwa jirani. Kundi la dada watatu, na sasa hakuna wawili wanaosalimiana. Mashabiki mtusamehe.

Sikuombi urudi. Una nyumba, una mtoto, na sijasahau ulivyotoka studio ya huyo produsa bila kugeuka. Naomba tu umpe dereva neno moja kabla ya Ijumaa. Ukisema hapana, nitasimama na hapana yako hata Ifrah akihamia kwa huyo jirani. Hilo siliogopi.

Ninachoogopa ni kwamba utayasoma haya, halafu utasema kwa ule upole wako, "Ni sawa, wautoe," kwa sababu umeshaamini kwamba hatukuhitaji tena.

Abaayo, usiseme hivyo. Tafadhali kasirika.

Msalimie shemeji, na umbusu mtoto ambaye bado sijambeba.

Mdogo wako, yule wa katikati