Safari Hii Sikusema Sijambo

Jumatano. Mvua imeanza alfajiri na haijakatika. Nimerudi Michenzani nimerowa mpaka mtandio, lakini nguo zitangoja. Nnaandika kwanza, kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kwenye simu.

Kwa msioijua habari yangu: nilikuwa nakanda mikate kwenye bekari moja Bububu. Mashine ya kukandia unga ilinivuta mkono wa kulia, nikapoteza vidole vitatu. Kidole gumba kimebaki, ila hakikunjiki.

Nikaomba mafao ya ulemavu kwenye ofisi ya hifadhi ya jamii. Wakakataa. Barua ilisema ninajimudu.

Miezi mizima nilikuwa na hasira na kila mtu wa ofisi ile. Mpaka siku moja wifi yangu Zuhura, anayekuja kila asubuhi kunifunga vifungo na kunichana nywele, aliponiuliza niliwaambia nini hasa. Nikamweleza. Daktari wao aliniuliza kama navaa mwenyewe, nikasema naam. Kama napika, nikasema napika. Kuhusu maumivu nikasema alhamdulillahi, sijambo. Halafu nikatia saini fomu bila ya kuisoma, maana nje kulikuwa na watu wanasubiri na niliona haya kuwachelewesha.

Zuhura akauliza, "Na mimi ulinitaja?"

Sikumtaja.

Ndivyo nilivyolelewa. Ukiulizwa hali, humwagi mashaka yako mbele ya mgeni. Lakini daktari yule hakuja kunijulia hali. Alikuwa anaandika.

Basi nikakata rufaa kabla muda haujapita. Mwezi mzima tukawa tunaandika kwenye daftari, mimi namtajia, Zuhura anaandika. Siku niliyojimwagia uji wa moto pajani. Siku niliyoshindwa kujifunga nguo nikamngoja chooni mpaka alipofika. Hilo la choo nilitaka lifutwe. Zuhura alikataa katakata. Nikaomba na barua ya hospitali, na kila karatasi niliyoipeleka nikabaki na nakala yake.

Leo nimeitwa. Safari hii daktari ni kijana, mpole, akaniamkia na kuniuliza hali. Neno "sijambo" lilishanifika mdomoni.

Nikalimeza.

Nikafungua daftari nikamsomea. La choo nalo nililisoma, sikuliruka.

Alipomaliza kuandika akanisogezea karatasi nitie saini. Nikamwambia angoje, nasoma. Huko nje watu walianza kukohoa. Wakohoe. Mstari wa nne ulisema ninasaidiwa mara chache.

"Si mara chache," nikamwambia. "Ni kila siku. Andika kila siku."

Alinitazama, akaukata mstari, akaandika upya. Nikausoma tena ule mpya. Ndipo nikatia saini kwa mkono wa kushoto, saini iliyopinda mpaka nje ya kisanduku, na sikumuomba radhi.

Majibu yatakuwaje, sijui. Huruma yao siihitaji. Nnadai haki niliyoilipia kwa vidole vyangu. Mara ya kwanza walimkataa mwanamke mzima wa afya niliyewachorea mwenyewe, na kwa hilo siwalaumu sana. Wakikataa sasa, watakuwa wamenikataa mimi hasa, na mimi nitarudi pale na Zuhura ubavuni, tukae kwenye viti vyao mpaka wanieleze ni mstari gani hawakuuamini.