Huyu ni Wetu, Mpokeeni

Papa,

Leo Maman Debora amekuja tena kudai karatasi yake. Safari hii hakupiga simu. Alipanda ngazi zetu zote hapa Ganshoren na magoti yale unayoyajua, akabisha hodi, akaketi kwenye kiti chako kabla sijamkaribisha. Nilitaka kumwambia ahame. Kiti hicho nakikalia mimi siku hizi, na Mama anajua.

Lakini wewe hukupenda hadithi inayoanzia katikati. Basi nianzie pale ulipotuacha.

Tulikuzika vizuri. Kanisani, kabla ya kwenda makaburini, mzee aliyeongoza alisema, "Familia ya marehemu isimame, tuiombee." Nikasimama. Mama akasimama. Nilikuwa nimeipiga pasi nguo yangu nyeusi kwa ajili ya dakika ile. Nilijua tutakuwa wawili tu, na nilitaka watu watuone tulivyo wawili. Mara nikasikia viti vinaburutwa nyuma yangu. Kugeuka, nusu ya ukumbi imesimama: Maman Debora na watoto wake, kaka yake tonton Yoeli, wale wenzenu wa mji wa Liège, wale wa Namur, na kijana mmoja ambaye nina hakika alikuona mara moja tu maishani. Wengine walilia kunishinda. Papa, nilikasirika. Nilijiambia, hata uyatima wangu wanataka tugawane.

Na matanga hayajapoa, simu zikaanza. "Sifa, pole sana mutoto yangu. Et alors, karatasi yetu ilikuwa imefika wapi?"

Karatasi zao. Utadhani walizinunua wao. Ni wewe uliyekuwa ukirudi na masalio ya karatasi za ukutani, yale maroli yenye maua ambayo maduka huyauza kwa bei ya kutupa, ukayatandaza kifudifudi juu ya meza ya jikoni, kikombe kila pembe. Upande wa maua chini, upande mweupe juu. Kwa wino mweusi ukaandika nani alimzaa nani. Kwa wino wa bluu ukachora njia: kutoka kile kilima chenu cha Burundi, walikoishi familia za kwanza za kanisa la Marafiki, hao Wakweka, kuvuka mto Ruzizi mwaka ule wa kukimbia mauaji, Uvira, kisha huyu Bukavu, yule Kalemie, mwingine Lubumbashi, mwisho wa yote Brussels, ambako watu wa kilima kimoja wamekuja kukaa komini tofauti, yaani manispaa, na kupishana kwenye stesheni ya Gare du Nord bila kujuana. Mama alikuwa akitupikia huku sahani zimepangwa sakafuni, kwa sababu meza ilikuwa imelaliwa na mababu wa watu.

Nakumbuka siku ulipoambukizwa ugonjwa huo. Nilikuwa na miaka tisa, tumefika juzi tu, ukanichukua kwenda kusali na Marafiki wa kizungu. Wewe ulizoea kanisa la ngoma na vigelegele. Pale tulikuta watu wamekaa duara, kimya, saa nzima, na tumbo langu ndilo lililohubiri. Baadaye mzee mmoja Mwingereza alitupa chai na biskuti kavu, akakusimulia jinsi watu wake wa kale walivyofungwa jela kwao, wakapanda meli kwenda Amerika, na jinsi wajukuu wa wajukuu wao ndio walioleta dini hiyo kilimani kwenu. Ulimuuliza anajuaje yote hayo. Akasema kila familia ilipohama, kusanyiko lake liliipa barua ya kubeba kwenda kusanyiko jingine: hawa ni wetu, hawadaiwi na mtu, mwenendo wao ni mwema, wapokeeni. Ukizifuata barua hizo moja baada ya nyingine, unawapata watu.

Tukarudi kwa tramu. Nyumbani ukamwambia Mama, "Batu betu balivuka mutoni bila barua. Bon, mi nitabaandikia."

Tangu siku hiyo Jumapili zangu ziliibwa. Niseme wazi, maana kwako sikuwahi kusema: nilikuwa na wivu, na bado ninao. Uliweza kumtajia mtu baba wa babu yake na mahali alipojikwaa njiani, lakini jina la mwalimu wangu ulikuwa unaniuliza kila mwezi. Ulijua Maman fulani wa Namur alivuka mto akiwa na kuku kwapani. Mimi nilipofaulu mtihani wa uuguzi ulisema vizuri sana, ukaniomba nikushikie ncha ya karatasi.

Halafu harusi ya Rachel, binti wa Maman Debora. Mimi msimamizi wa bibi harusi, viatu vinanibana, natabasamu. Ukapanda mbele na roli lako, vijana wawili wakalishika huku na huku, ukaanza kumshusha Rachel kizazi baada ya kizazi: huyu aliyebatizwa wa kwanza kilimani, huyu aliyekataa kushika bunduki, huyu aliyezaa Uvira chini ya turubai. Watu wakapiga makofi, wazee wakalia, bibi harusi akakukumbatia na kukuita "papa wetu". Nakala yake iko ukutani sebuleni kwao Berchem mpaka leo, katika fremu ya dhahabu; roli lenyewe lilibaki kwako, ukiendelea kuongeza majina. Kila nikienda pale Maman Debora hunipa kiti kinachoitazama. Nadhani anafanya makusudi.

Usiku ule, tukirudi, nilikuuliza ya kwetu utaandika lini. Ukacheka. "Kinyozi hajinyoi, Sifa. Ya kwetu itakuya mwisho." Nilipouliza habari za babu na bibi, ulijibu kama ulivyojibu siku zote, kwamba walibaki upande wa pili wa mto. Nikaona ni adabu tu, mwenye nyumba kuwapakulia wageni kwanza. Nikasubiri.

Ukafa hujapakua. Asubuhi ulikwenda kazini kuwaogesha wazee wako wa makao ya wazee ya Berchem-Sainte-Agathe, mchana wakanipigia simu kwamba moyo umekataa.

Nilipopata nguvu nilishusha maroli yote kutoka juu ya kabati, nikayafungua moja moja, nikitafuta letu. Akina Debora wapo. Wa Liège wapo, mpaka na paka wao. Sisi hatupo. Basi nikayarudisha juu ya kabati, na kila aliyepiga simu nikamwambia bado natafuta. Nilisema moyoni, kama mimi sina, hakuna atakayekuwa nayo.

Ndivyo Maman Debora alivyonikuta leo. Aliomba karatasi kwa upole, na upole wake ndio ulioniharibu. Nilimwambia yote, Papa, kwa Kifaransa na Kiswahili vikigongana. Kwamba walitunyonya baba. Kwamba ulimtafutia kila mtu babu isipokuwa mtoto wako. Kwamba yeye ana ukoo ukutani, mimi nina maua.

Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge.  Sufuria ya Mama ikaanza kuchemka jikoni. Kisha akasema, "Kumbe hakukuambia."

Papa. Kumbe hukuniambia.

Kwamba wewe hukuvuka mto na mtu wako. Kwamba kesho yake, ng'ambo, walipohesabiana, kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume amezidi, mdogo hata jina lake hawezi kulitamka, na hakuna aliyejua nani alimpokea kutoka kwa nani gizani. Kwamba alikuwa akiimba nusu ya wimbo wa kanisani kwao, ndipo wakajua ni wa Marafiki, ni wa familia moja kati ya zile za kilimani, lakini ipi, na familia zenyewe zilikuwa zimeshatawanyika. Wakamwita Musa kwa sababu ya mto, hawakufikiri sana. Akala leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka akakua.

Na kwamba katika kila nyumba uliyokwenda na roli lako, ulipomaliza, kabla ya kulikunja, uliwauliza swali moja, ukiwa unatazama kikombe. Maman Debora aliniigizia sauti yako mpaka nikafumba macho: "Na hamukupoteza mutoto ku njia?"

Wote walisema hapana. Ulikuwa unacheka kidogo, unasema bon, unamaliza chai.

Akaniambia jambo jingine. Nyumba za kuuliza zilipoanza kukuishia, wao wenyewe walikutana bila wewe kujua. Tonton Yoeli alisema, "Tumuambie tu ndiyo. Tumupatie mama." Wakakubaliana iwe nyumba ya Yoeli na Debora, kwa kuwa mama yao alizaa wengi na alishafariki, hakuna wa kubisha. Jumapili hiyo ukaenda, ukaandika, ukauliza. Tonton Yoeli akafungua mdomo. Watu hawa hawaapi hata mahakamani, Papa, kwa sababu ndiyo yao ni ndiyo kila siku. Ile ndiyo haikutoka. Mwishowe akasema hapana, akaenda jikoni akalia juu ya sinki. "Miaka yote najiuliza," Maman Debora alisema, "ile ndiyo moja, Mungu angetuhesabia dhambi?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Alijua. Alisema uliahidi kuniambia siku karatasi yetu itakapokuwa na jina moja juu ya lako. Nimemkasirikia Mama pia, lakini hilo nitalimaliza naye mwenyewe. Upande wake, mababu wa Bukavu wapo wote na makaburi yao, hajui njaa hii.

Sasa naelewa kwa nini nusu ya ukumbi ilisimama. Hakuna aliyeweza kukwambia "wewe ni wetu" kwa mdomo, wakangoja mahali ambapo kusimama tu kunatosha, wala si uongo. Naelewa, lakini moyo haujapoa, usinifanye malaika. Wao walikuwa na wewe kabla yangu. Walikubeba ulipokuwa mwepesi, walijua ulivyokuwa unalia. Mimi nilikupata umeshakuwa mtu mzima, umeshajifunza kucheka ukiumia. Huo ni wivu mpya, na ni mkali kuliko ule wa zamani.

Nilishusha roli la akina Debora. Alinyoosha mikono, nami nikalirudisha kifuani kwangu. Nikamwambia, "Maman, sikupi bure. Nieleze kwanza, wewe ulimbeba?" Akacheka mpaka akashika magoti. Alikuwa msichana wa kuchota maji tu wakati huo, na alikubeba siku nzima kutoka mtoni kuelekea Uvira. "Papa yako alinikojolea mugongo muzima. Na hakuacha kuimba."

Nikachukua roli jipya, lile la maua ya manjano ulilokuwa umelificha nyuma ya friji, nadhani ndilo ulilotuwekea. Nikaweka vikombe kwenye pembe. Katikati nikaandika Musa. Juu yako nimeacha peupe, sitaki kudanganya, nami nimelelewa na Mkweka. Lakini pembeni nimechora mstari wa bluu, na kwenye mstari nimeandika: Debora, mgongoni, mto mpaka Uvira. Alitazama jina lake pale, akavaa miwani, akalitazama tena. Kisha akachukua karatasi yake akaondoka polepole, na kiti chako kikarudi kwangu.

Nakuahidi hivi. Jumapili ijayo naanza nyumba ya kwanza, na nitazimaliza zote, Liège na Namur. Swali lako sitawauliza tena, wameshalijibu. Nitauliza nani alikubeba, nani alikulisha, nani alikukata nywele, na kila anayetaka karatasi yake atalipa kwa kunipa kipande chako. Kinyozi hajinyoi, ulisema. Sawa. Kaa hapo, inamisha kichwa.

Kwaheri, Papa. Ulivuka mto wa kwanza bila barua. Huu wa pili sitaki uvuke hivyo hivyo, kwa hiyo nimeiandika, wape hao watakaokufungulia.

*Huyu ni Musa, mume wa Mama, baba wa Sifa. Ametoka Burundi, akapita Uvira, akakaa Ganshoren. Hadaiwi na mtu. Hakusema uongo, ingawa alijua kunyamaza. Chai yake msiitie sukari. Huyu ni wetu, mpokeeni.*

*Na kama huko kuna mwanamke atakayesimama na kusema, mtoto huyu nilimpoteza njiani, mpeni, amtazame anavyotaka. Ila mwambieni taratibu kwamba mwanawe naye ana mtoto, yuko Ganshoren, na huyo mtoto ana wivu.*

Sifa