Baba, Maji Yale Aliyachota Mama

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike pale Didia, lakini sijui namna nyingine ya kuanza kusema na wewe. Barua hii siitii kwenye bahasha. Habari zako hapa Geita zinasimuliwa hadharani, kanisani na kwenye laini za nyumba za wafanyakazi wa mgodi, basi na mimi langu nalisema hadharani. Nimekasirika, baba. Nimekasirika tangu Jumatatu, na leo ni Ijumaa.

Kilichotokea ni hiki. Mkwe wako, Baba Tabitha, amechaguliwa kuwa mzee wa kanisa la hapa kambini, na atasimikwa Jumapili hii. Usidhani sikufurahi. Yeye yuko kwenye mtambo wa kusagia mawe, anarudi nyumbani mweupe kwa vumbi kama mtu aliyeangukiwa na gunia la unga, na bado hupitia kwa wagonjwa kabla hajanawa uso. Wamechagua vizuri. Lakini walipomchagua, mmoja wao alisimama akasema, "Huyu ni mkwe wa yule mzee wa Didia aliyewaosha wageni miguu. Sisi tunataka mzee wa namna ile." Watu wakapiga makofi. Mume wangu akaja nyumbani macho yanamng'aa, akaniambia kwamba siku ya kusimikwa na yeye atawaosha miguu watu wote wa laini yetu, mmoja baada ya mwingine, kama ulivyofanya wewe.

Nikamwuliza, "Na maji je?"

"Yatapatikana," akasema.

Nilikuwa nachambua mchele. Niliuweka ungo chini. Bomba la kambi limeharibika tangu mwezi uliopita, na sisi wanawake tunashuka bondeni mpaka kijitoni, tunapanda na debe kichwani na mtoto mgongoni. Maji hayapatikani, baba. Yanachotwa. Mtu anayaendea, anainama, anayajaza, anayabeba. Nimelisikia neno hilo, yatapatikana, mara mbili tu katika maisha yangu likisemwa na mtu aliyekuwa anataka kumtumikia Mungu, na mara ya kwanza lilitoka kinywani mwako.

Wewe ndiwe uliyenifundisha kusoma, na hilo sitalisahau hata nikiwa na hasira kiasi gani. Majirani walikuambia binti anayesoma anapunguza ng'ombe wa mahari. Uliwajibu kwamba ng'ombe wako ulionao wanatosha kukusumbua. Kila alfajiri, kabla zizi halijafunguliwa, ulituketisha mbele ya nyumba, mimi na kaka Petro na mama, tukasoma sura moja ya Biblia kwa zamu huku kidole chako kikitembea chini ya mstari. Hukuruka siku. Ulisoma ukiwa na homa, na siku ya msiba wa bibi ulisoma pia. Na ukishafunga kitabu uliuliza swali lako lilelile: "Basi, leo tunafanya nini?"

Kwako sura ya leo ilikuwa ya kutendwa leo. Sisi watoto tulijifunza kuzisikiliza sura kwa wasiwasi. Tulizipenda zile za majina matupu, fulani akamzaa fulani, kwa kuwa majina hayadai kitu. Siku iliposomwa habari ya mwenye kanzu mbili kumgawia asiye nayo, Petro alijua kabla hujafunga kitabu kwamba blanketi lake limekwenda, na likaenda kweli, kwa mpita njia mmoja aliyekuwa anatetemeka. Petro alilala na mimi chini ya kipande cha kitambaa cha amerikani mpaka msimu wa pamba ulipofika. Tulicheka sana wakati ule. Hata leo tukikutana tunacheka.

Basi kikaja kiangazi kile, vita vya Wazungu vikiwa vimekwisha si muda mrefu. Wewe ulikuwa mkubwa wa wazee wa makanisa ya upande ule, na mkutano wao ulikuwa kwetu. Walikuja wazee kumi na wanne kwa miguu, wengine wakiwa wametokea Ibadakuli. Mimi na mama tulikuwa tumeshinda kutwa nzima ya jana yake tukiwatafutia maji. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Tulikuwa tunachimba, tunasubiri maji yatoke kidogokidogo, tunateka kwa kibuyu mpaka debe lijae. Shimo letu mwezi ule lilikuwa limezidi kimo cha mtu, na mama alikuwa anashukia kwenye vidato alivyochonga ubavuni mwa shimo. Tulikwenda mara tatu. Tuliporudi mara ya tatu mama alikaa chini akanyoosha miguu, akasema, "Haya, kesho watakunywa na watakula."

Asubuhi ile zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Nilisoma bila kukwama habari ya Bwana kujifunga kitambaa na kuwaosha wanafunzi wake miguu. Ulifurahi sana. "Wabeja, mayu," ukaniambia, asante mama, na wewe shukrani za Kisukuma ulikuwa huzitoi ovyo. Kisha ukauliza swali lako, na mara hiyo hukungoja mtu akujibu.

Nakiri kwamba ilipendeza kuiona. Wewe ambaye hata mtemi alikuwa akikuita kuamua kesi za mipaka, ulipiga magoti vumbini mbele ya wazee wale mmoja mmoja. Mmoja wao, mzee wa makamo mwenye kovu shavuni, alilia. Mtungi wa kwanza ukaisha, ukaniita nilete wa pili. Nikaleta nikikimbia, kwa sababu niliona kwamba sura yangu ndiyo inayotendwa. Ukaniita tena. Mama alikuwa mlangoni mwa jiko ameshika mwiko, anayaangalia maji yanavyonywewa na ardhi.

"Baba Petro," akasema taratibu, "na ugali?"

Hukugeuka. "Mengine yatapatikana," ukasema.

Mama alichukua debe, akaniambia nibaki nichochee moto. Jua lilikuwa la utosini. Alikwenda peke yake, na wanawake wawili ndio waliomrudisha, wamemshika huku na huku, kwa kuwa alikuwa ameteleza kwenye kidato akaanguka mpaka chini ya shimo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika juu ya kiganja. Wazee wote kumi na wanne walisimama wakamwombea, miguu yao misafi. Ugali wao wakapika majirani. Mkono uliungwa, lakini uliungwa ukiwa umepinda, na tangu siku ile mama husonga ugali kwa mkono wa kushoto, na jembe hulishika kama mgeni wa jembe.

Hata hilo ningeweza kulimeza, baba. Ajali ni ajali. Kinachonikaba ni alfajiri iliyofuata. Mama amelala ndani anagugumia, na wewe ukatuketisha mimi na Petro, ukafungua kitabu, ukaendelea na sura iliyofuata. Hukurudi nyuma hata mstari mmoja. Hukuuliza leo tunafanya nini kuhusu mama. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikutazama nikingoja useme kitu, nikangoja mpaka ukafunga kitabu ukaenda zizini.

Baada ya hapo habari yako ilianza kutembea. Wale wazee kumi na wanne waliipeleka kila mtu kwao, ikaenda mpaka ikafika huku kwenye machimbo, ikiwa nzuri zaidi kila inapofika. Nimeisikia ikisimuliwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Didia. Wanajua uliinama vipi. Wanajua habari za mzee aliyelia. Sijakutana hata na mmoja anayejua habari za mkono.

Sisemi kwamba ulikuwa mnafiki. Ungekuwa mnafiki ningekuwa nimeshakusahau na kazi ingekuwa imekwisha. Ulichimba makaburi ya watu wasio na ndugu. Ulilima shamba la mjane wa jirani kabla ya kugusa la kwako, na shamba lako lililobaki nyuma lilikuwa linalimwa na nani, unajua. Hukuwahi kukubali kupakuliwa kwanza. Ulikuwa unasema kiongozi anakula wa mwisho, na ulikula wa mwisho kweli, na watu walikuhesabu wewe kuwa wa mwisho. Nyuma yako kulikuwa na mama, anakwangua ukoko. Huyo hakuwa kwenye hesabu.

Nilipokuwa mkubwa, karibu na kuolewa, nilimwuliza mama kama aliwahi kukuambia lolote. Alikuwa anapepeta mtama kwa mkono wake ule, ungo umelalia upande mmoja.

"Watu walifurahi, mayu," akasema. "Yaache."

Nikayaacha. Nimeyaacha miaka yote hii, nikakubali kuitwa binti wa mzee wa Didia, nikatabasamu kila waliposimulia. Mpaka Jumatatu, mume wangu aliposema yatapatikana.

Nilimwambia yote usiku huohuo, hapana, sikungoja usiku, nilimwambia palepale kabla hajavua viatu. Nikamwuliza, "Ule mkono wa mama mkwe wako, unajua ulivunjikaje?"

"Nilidhani kazaliwa nao," akasema.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakasirika, na mimi sikushangaa. Amekupenda kuliko alivyompenda baba yake mzazi. "Unamchafua marehemu," akaniambia. "Wiki hii ya kusimikwa kwangu ndiyo umeona unifungulie hayo?" Nikamjibu kwamba ndiyo, wiki hiihii, kwa kuwa Jumapili atapiga magoti mbele ya watu na nyuma yake nitakuwa mimi na debe. Akasema nina moyo mgumu. Nikasema huenda. Tukanuniana siku tatu mle ndani, hatusemeshani ila kwa kupitia kwa Tabitha, ambaye ana miaka minne na amechoka kutumwa.

Lakini kusoma hatukuacha, baba. Hilo ulilipanda ndani yetu wote wawili. Kila alfajiri kabla king'ora cha kazi hakijalia yeye alifungua kitabu, na mimi nilisikiliza huku nikipuliza moto, nimemgeuzia mgongo. Jana alisoma sura ileile ya kuosha miguu. Sijui kama aliichagua kwa ubishi au kwa kutafuta. Alipofika katikati nikamsikia anarudi juu, anasoma tena polepole, anarudi tena. Kisha akasema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba Bwana aliyatia maji mwenyewe kwenye chombo. King'ora kikalia, akaenda kazini.

Jioni yake, jua bado liko juu, alirudi na vumbi lake, akachukua debe langu mlangoni akashika njia ya bondeni. Nilidhani amechanganyikiwa. Unajua mwenyewe, mwanamume mwenye mke kubeba debe la maji ni habari ya kijiji kizima. Wenzake waliokuwa wametoka zamu walimwita nyapara wa maji, wakacheka mpaka wakakaa chini. Kule kijitoni mama mmoja Msukuma, jirani yetu ambaye ulimi wake haujui kupumzika, alimwamkia, "Mwadila, Baba Tabitha. Mkeo amekufa?" Akasema hajafa. "Anaumwa?" Akasema haumwi. "Basi umekuja kufanya nini?" Wanawake walimwacha ajaze wa mwisho kwa kuwa hawakujua wampange wapi.

Alifika nyumbani shati limelowa mpaka kiunoni. Alikuwa hakuchukua kata ya kuwekea kichwani, na debe lilikuwa limemchimba utosi. Nusu ya maji ilikuwa imebaki njiani. Nilijua nitalazimika kwenda mwenyewe kabla ya kupika, na nilikuwa tayari kumwambia hivyo. Alilitua debe, akasimama akihema, mkono shingoni. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alisema na mimi mwenyewe.

"Kumbe ni mbali," akasema.

Nilikwenda nyuma ya nyumba, baba, nikalia, na machozi yale hayakuwa ya furaha hata kidogo. Nilikuwa na hasira na wewe kuliko siku zote. Yeye amekwenda mara moja. Mara moja tu, na nusu akamwaga, na neno hilo likamtoka bila kufundishwa. Wewe ulikuwa na miaka zaidi ya ishirini na mama yangu, na sura moja kila alfajiri.

Jumapili ataosha miguu. Ameniuliza itahitaji madebe mangapi, nikamwambia ahesabu miguu mwenyewe, na kesho siku nzima atakuwa njiani. Mimi nitakaa kwenye benchi na wengine. Nikioshwa nitaandika kwa mama, asome mwenyewe.

Lala kwa amani, kama unaweza. Bado nakupenda, na bado nangoja useme kitu.

Binti yako,
Mama Tabitha