Ufunguo wa Kabati la Vitabu

Baba Wachuka,

Mtoto yuko kwa Mama Simran, mchukue. Uji uko kwenye thamosi. Mimi nimekimbia saiba kutumia kompyuta. Jibu la kwanza la ile kozi ya maktaba za shule, mwisho wa kulituma ni saa sita.

Asubuhi ulinicheka, ati "Mama chai atasimamia maktaba gani?" Iliniuma. ~~Chakula jipikie.~~ Githeri iko kwa sufuria.

Swali lenyewe: vitabu vyenu huazimwa na nani? Vyetu pale shuleni haviazimwi, mwalimu mkuu huvifungia kabatini visichafuke. Basi ulipotoka nikampigia simu, nikamwomba watoto waazime. Akasema, "Jumatatu pitia ofisini uchukue ufunguo, mwalimu."

Mwalimu! Mimi ninayewapikia walimu chai!

Mama Wachuka