Alhamisi Yako Sitaifuta

Baba Zuhura,

Ningekuuliza hali, ila sijui hali ya huko inaulizwaje. Sisi wazima. Zuhura ameota magego, anauma kila kitu, hata waya wa kipanya. Nakuandikia hapa hapa stesheneri, Mkomaindo, kwenye kiti chako, na kila nikiandika mistari miwili nasimama kuitazama ile taa ndogo ya diski kama bado inawaka. Situlii. Tangu kompyuta ife sijatulia.

Ndiyo, ilikufa. Usinikasirikie, nisikilize kwanza.

Tangu nitoke eda na kufungua duka, kila Ijumaa nilipiga picha ya diski kama ulivyonifundisha, ile nakala ya kila kitu kilivyo saa hiyo, ili mambo yakiharibika turudi nyuma. Sikuruka hata Ijumaa moja. Lakini zote nilizihifadhi humo humo ndani. Siku diski ilipoanza kukwaruza kama kuku anayeparura, ikanyamaza, picha zote zikaenda nayo. Hapo ndipo nikakusikia kabisa: "Mama Zuhura, moja ndani, moja nje." Ya ndani niliishika. Ya nje niliisahau.

Na hiyo ya nje iko wapi? Imegawiwa! Siku ya arobaini walipogawa vitu vyako, shati kwa huyu, viatu kwa yule, ile diski yako nyeusi aliichukua Mjomba akaenda nayo Mkunya, huko Newala. Mimi niko ndani, nimeinamisha kichwa, ningejuaje imo kwenye fungu gani?

Kazi za watu wengine nina karatasi zake, ningezichapa upya. Lakini kitabu cha Mwalimu Saidi, yule mstaafu wa Newala? Miaka yote ile anakuletea madaftari, mambo ya wazee wa huko juu. Madaftari yenyewe mkewe alishayawashia moto jikoni, maana ulimwambia, "Mwalimu, kikiingia humu hakipotei." Siku ya mazishi kaka yako alisimama makaburini akasema mwenye amana yake kwa marehemu ajitokeze. Mwalimu hakujitokeza. Aliniambia baadaye, "Changu kipo salama, ningedai nini?"

Sasa niambie, ningelalaje? Ningekuacha huko na amana ya mtu shingoni?

Nikambeba Zuhura mgongoni, nikapanda basi la Newala. Mjomba baada ya marahaba yake akacheka. "Kumbe umefuata redio? Mkwe wangu, redio gani haina pa kufungulia! Nimeibonyeza kila upande, haiimbi." Alikuwa ameiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Niliitoa mwenyewe, nikaifuta vumbi kwa khanga. Meza ikainama, mkewe akalalamika, mimi nishafika mlangoni.

Fundi akatia diski mpya. Kurudisha nilirudisha mwenyewe, na daftari lako la maelekezo mapajani. Ule mstari wa kwenye kioo unatambaa, unasimama, unatambaa. Nilimwomba Mungu umeme usikatike, basi, usikatike tu. Zuhura analia nyonga yake inamuuma kwa kukaa mgongoni, nami siwezi kutoka.

Kioo kikafunguka kama ulivyokiacha Alhamisi ile uliyopiga picha pekee iliyokuwamo, siku moja kabla hatujakupeleka hospitali. Zuhura wa kwenye picha ya kioo hana jino hata moja. Na tangazo ulilokuwa unachapa, limekatikia njiani: "Wateja wetu wapendwa, kuanzia Jumatatu tuta". Tuta nini, Baba Zuhura? Wiki nzima najiuliza. Uliitwa na mteja, au ndipo kifua kilipoanza kukubana ukanificha?

Kitabu kimo. Mpaka sura ya sita. Ya saba niliichapa mimi baada yako, hiyo imekwenda na diski iliyokufa.

Nilimwambia Mwalimu mwenyewe, uso kwa uso. Sikukusingizia, sikusingizia umeme. Nilitamani anitukane. Akasema, "Ya saba ninayo kichwani, mwanangu. Jumatatu nakuja, mimi nasema wewe unachapa. Ila safari hii daftari mke wangu halioni."

Leo diski yako imeniambia imekaribia kujaa, nifute picha ya zamani kuliko zote? Nimebonyeza hapana. Nitatafuta diski nyingine ya kazi, na kila mwezi nakala moja itapanda Mkunya kwa Mjomba. Nimeshamwambia si redio. Meza yake nimempelekea kipande cha ubao.

Lala, baba. Amana ya watu iko mikononi mwangu, na Alhamisi yako sitaifuta. Tangazo lako nimeliacha linavyoishia, sikuongeza herufi. Jumatatu tunaanza sura ya saba.

Mama Zuhura